Fahali Wawili, Nira Moja

Kwenye baraza letu la kahawa hapa Mombasa, haipiti wiki bila mjadala wa katiba. Na kila mjadala ukigusa serikali ya bunge, hukatizwa na maneno yale yale. Mmoja atauliza, "Huyo Waziri Mkuu nani kamchagua? Si wabunge wameketi wenyewe kwa wenyewe wakapeana?" Wa pili ataongeza kwamba serikali za namna hiyo hazina maisha, leo zipo, kesho zimeangushwa. Kisha mzee mmoja, mtu tunayemheshimu sana, atamaliza kwa methali: fahali wawili hawakai zizi moja. Nchi maskini yenye makabila mengi, atasema, inataka mtu mmoja aliyepigiwa kura na wote, mwenye kauli ya mwisho. Vikombe vinarudi kwa muuza kahawa, na hoja inahesabiwa imekwisha.

Si baraza letu peke yake. Januari 2010, huko Naivasha, kamati ya Bunge la Kenya ilipokea rasimu ya katiba iliyogawa madaraka kati ya rais na waziri mkuu, na ilipomaliza kazi yake waziri mkuu alikuwa ameondolewa. Imani hii ni ya wengi: ya wasomi, ya makondakta wa matatu, ya wanasiasa wanaojiandaa kugombea. Nami nasema ina kasoro katika kila mguu inaosimamia, na kasoro hizo zimetugharimu damu.

Sitaitetea serikali ya bunge kwa mfano wa Uingereza wala Sweden, kwa sababu jibu ninalijua: hao ni matajiri, wamesoma. Nitavuka bahari hii hii inayopiga mwamba wa Ngome ya Yesu hadi India, ambako babu zetu walifanya biashara kwa upepo wa kaskazi na kusi. India ilipoanza kujitawala mwaka 1947 ilikuwa maskini, imegawanyika kwa dini, tabaka na lugha kuliko nchi yoyote ya Afrika Mashariki, na ilikuwa imetoka tu kumwaga damu nyingi katika kutengana na Pakistan. Kama kweli serikali ya bunge ni anasa ya matajiri waliosoma, ingekufa huko kabla ya kufika popote.

Tazama walivyoanza. Uchaguzi mkuu wa kwanza ulifunguliwa Oktoba 1951 ukafungwa Februari 1952. Walioandikishwa walizidi milioni 170, na kama wanane katika kila watu kumi nchini hawakujua kusoma. Msimamizi wake, Sukumar Sen, hakusema watu wangoje mpaka wasome. Kila mgombea aliwekewa sanduku lake, na juu ya sanduku ikabandikwa alama: taa ya mafuta kwa chama hiki, na kwa chama cha Congress ng'ombe wawili wa kulimia waliofungwa nira moja. Asiyejua herufi alijua taa na alijua ng'ombe, akatumbukiza karatasi yake.

Kizingiti kilitokea mahali pengine. Katika majimbo kadhaa, maofisa waliopita nyumba kwa nyumba waliwakuta wanawake wasiotaka kutaja majina yao kwa mgeni. Walijiandikisha kama mama wa fulani, mke wa fulani. Sisi tunaoishi na kina Mama Asha na Mama Juma, ambao hata majirani wa miaka ishirini hawajui majina yao ya kuzaliwa, tunaielewa heshima ile. Lakini Sen alishikilia kwamba mpiga kura ni mtu mwenye jina lake mwenyewe, na majina ya wanawake karibu milioni 2.8 yakaondolewa kwenye daftari. Ulikuwa uamuzi mkali, na uliwaumiza wengi waliopoteza kura mwaka ule. Hata hivyo ulitamka jambo ambalo serikali ile ilijengwa juu yake: mamlaka yanatoka kwa mtu mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye swali la baraza: nani anamchagua Waziri Mkuu? Bunge la chini la India, Lok Sabha, lina viti 543, na kila kiti ni jimbo lenye mpaka wake na wagombea wake. Leo mpiga kura anaingia kituoni, anapakwa wino kidoleni, anabonyeza kitufe cha buluu kando ya alama aliyoichagua. Taa nyekundu inawaka, mlio mrefu unasikika, na nyuma ya kioo kidogo karatasi yenye alama ile inaonekana kwa sekunde saba kabla ya kudondoka ndani ya kisanduku. Katika sekunde hizo saba mtu yule amefanya mambo mawili kwa kura moja. Amemchagua mwakilishi wa jimbo lake, na amesaidia kuamua nani atafikisha viti 272, yaani zaidi ya nusu. Atakayeonekana kuungwa mkono na wengi ndiye rais wa nchi humwita kuunda serikali. Rais huyo mwenyewe huchaguliwa na wabunge wa taifa na wa mabunge ya majimbo, na karibu kila analotenda hulitenda kwa ushauri wa mawaziri.

Basi hakuna aliyepeana na mwenzake gizani. Mwaka 2014, 2019 na 2024, mpiga kura wa kijiji cha mbali alijua kwamba kubonyeza alama ya ua la yungiyungi ni kumtaka Narendra Modi awe Waziri Mkuu. Tena alikuwa na uwezo ambao sisi hatuna. Mwaka 2024 wapiga kura walikipa chama cha Modi viti 240 kikawa cha kwanza, lakini wakakinyima wingi. Ilibidi ategemee washirika kama chama cha Telugu Desam chenye viti 16, watu wenye madai yao na masharti yao. Wananchi walimwachia kazi, wakampunguzia nguvu. Kura ya urais haina nusu. Kwetu mtu akipata asilimia 50 na kura moja, anachukua nchi nzima. Aliyepata asilimia 49 anarudi nyumbani mikono mitupu, na mamilioni waliompigia wanarudi naye.

Msingi wa jambo hili ulielezwa na B. R. Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, alipoiwasilisha mbele ya Bunge la Katiba Novemba 1948. Alikiri waziwazi kwamba mfumo wa urais huleta utulivu zaidi. Mfumo wa bunge, akasema, huleta uwajibikaji zaidi, kwa sababu mwananchi humpima kiongozi kila baada ya miaka michache, na wabunge humpima kila siku, kwa maswali na kwa hoja za kutokuwa na imani. Akaeleza kwamba rasimu yake ilichagua uwajibikaji. Mtu huyu alizaliwa katika tabaka la walioitwa wasioguswa. Aliyajua madaraka yasiyoulizwa kwa mwili wake, utotoni, alipokatazwa kugusa maji waliyokunywa wenzake. Chaguo lake halikuwa la mtu wa vitabu peke yake.

Wahenga wetu walilisema jambo hili kwa lugha ya vyombo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Waziri Mkuu atakwenda mbele na nyuma ya jahazi, atahutubia mataifa, atapigiwa mizinga. Lakini chanzo cha mamlaka yake ni kule chini, bungeni, na huko atarudi. Katiba ya India inasema mawaziri wote kwa pamoja huwajibika kwa Lok Sabha. Waziri asiye mbunge ana miezi sita ya kupata kiti au aondoke. Idadi ya mawaziri haiwezi kupita asilimia 15 ya idadi ya wabunge wa Lok Sabha. Na Bunge linapokaa, saa ya kwanza ya kikao ni ya maswali: waziri anasimama mbele ya watu wanaotaka aanguke, anajibu.

Hapo wa pili barazani atanirukia: ndiyo maana serikali zao zinaanguka! Naam, zinaanguka. Tarehe 17 Aprili 1999 Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee, baada ya mshirika mmoja mkubwa kujitoa, aliomba Bunge lithibitishe kuwa lina imani naye. Kura zilipohesabiwa, 269 walikuwa naye na 270 walikuwa dhidi yake. Serikali ya watu takriban bilioni moja ikaanguka kwa kura moja. Fikiria ukumbi ule: mtu mwenye jeshi, mwenye silaha za nyuklia alizozifanyia majaribio mwaka mmoja tu kabla, ametazama namba mbili, ametoka nje, amepeleka barua ya kujiuzulu. Hakuna kifaru kilichotoka kambini. Mwezi uliofuata vita vilizuka na Pakistan kwenye milima ya Kargil, na serikali ile ile iliyoangushwa, ikishikilia ofisi kwa muda tu, iliongoza nchi mpaka vita vikaisha Julai. Uchaguzi ukafanyika, Vajpayee akashinda. Mwaka 2004 akashindwa, akaondoka.

Huo ndio mtikisiko unaowatisha watu? Mimi naona ndio uimara. Chombo kinachoyumba kwa wimbi na kurudi sawa ni imara kuliko kile kisichoyumba mpaka siku kinapopinduka. Na serikali dhaifu kwa hesabu za viti si lazima iwe dhaifu kwa kazi. Mwaka 1991 Narasimha Rao aliunda serikali isiyokuwa na wingi bungeni, wakati akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imebaki ya kuagizia bidhaa za wiki chache. Serikali hiyo ndiyo iliyobadili mwelekeo wa uchumi wote wa India, ikapitisha marekebisho ya 73 ya katiba yaliyowapa wanawake angalau theluthi moja ya viti katika mabaraza ya vijiji, na ikamaliza miaka yake mitano. Kwa kuwa haikuweza kuamuru, ilibidi ishawishi, na kilichopatikana kwa kushawishi kilidumu.

Mguu wa tatu wa imani hii ndio unaotugusa zaidi: makabila. Tunaambiwa kwamba kura ya moja kwa moja huunganisha taifa. Mwaka 2004 Congress na washirika wake walipopata njia ya kuunda serikali, Sonia Gandhi, mzaliwa wa Italia kutoka familia ya Kikatoliki, alikataa uwaziri mkuu. Aliyeapishwa ni Manmohan Singh, Singasinga, mtu wa jamii isiyofika asilimia mbili ya wananchi. Na aliyemwapisha ni Rais A. P. J. Abdul Kalam, Mwislamu, katika nchi ambayo Wahindu ni karibu wanane katika kila kumi. Niambie, ndugu msomaji, ni katika kinyang'anyiro gani cha urais mtu wa jamii yenye asilimia mbili angeingia hata kwenye orodha ya wanaotajwa? Kwetu mgombea huanza kwa kuhesabu makabila. Mwenye kabila dogo huambiwa angoje unaibu. Bunge humpa njia nyingine, kwa sababu wenzake wanaomjua kwa kazi ndio wanaompendekeza, na wapiga kura wa kila jimbo wanabaki na mtu wao.

Nisiwafiche ubaya wa upande ninaoutetea, maana anayeficha hana imani na hoja yake. Singh hakuwahi kushinda kiti cha Lok Sabha. Aliingia kupitia bunge la juu, Rajya Sabha, na wakosoaji wake walikuwa na haki ya kulisema hilo. Julai 2008 aliponusurika kwa kura 275 dhidi ya 256, baadhi ya wabunge wa upinzani walitoa mabunda ya noti ukumbini wakidai wamehongwa ili wasipige kura. Tangu 1985 iko sheria ya kuzuia kuhama vyama inayomnyang'anya kiti mbunge anayepiga kura kinyume cha amri ya chama, na sheria hiyo imewafunga midomo wengi ambao kazi yao ilikuwa kumpima waziri mkuu kila siku. Mwaka 2014 asilimia 31 ya kura zilizaa viti 282, kwa sababu kila jimbo huchukuliwa na mwenye kura nyingi hata kama hakufika nusu. Hiyo ni dosari ya namna ya kuhesabu kura, na inarekebishika bila kuligusa Bunge: Ujerumani hugawa viti kwa uwiano, na haiwezi kumwangusha Kansela mpaka wabunge wakubaliane kwanza nani atashika nafasi yake.

Dosari kubwa kuliko zote ni Juni 1975. Mahakama ilikuwa imebatilisha ubunge wa Waziri Mkuu Indira Gandhi, naye akatangaza hali ya hatari, akawafunga wapinzani, akaziba magazeti, na Bunge likamfuata. Mtu akinitajia hilo sina la kukana. Ninachomwomba ni asiishie hapo. Machi 1977 uchaguzi ulifanyika; chama chake kikaanguka na yeye mwenyewe akashindwa jimboni kwake Rae Bareli. Kumbuka neno hilo, jimboni kwake. Mtawala wa nchi nzima alikuwa bado ni mgombea mmoja wa jimbo moja, na wanakijiji wa huko walikuwa na uwezo wa kumwambia basi. Bunge lililofuata likarekebisha katiba ili hali ya hatari isitangazwe tena kwa urahisi ule.

Sasa tugeukie nyumbani, kwenye kauli kwamba sisi tuliujaribu mfumo huu ukashindwa. Lini? Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na waziri mkuu anayewajibika kwa Bunge, na tarehe 9 Desemba 1962 ikawa jamhuri yenye rais mtendaji. Mwaka mmoja kamili. Kenya ilianza 12 Desemba 1963, ikabadilika 12 Desemba 1964. Mwaka mmoja kamili, na Waziri Mkuu Jomo Kenyatta akawa Rais bila nchi kupiga kura ya urais. Uganda ilifika 1966. Februari mwaka huo Bunge lilitaka tuhuma za dhahabu dhidi ya wakubwa wa serikali zichunguzwe. Waziri Mkuu Milton Obote akawakamata mawaziri watano, akaisimamisha katiba, na miezi miwili baadaye wabunge wakapitisha katiba mpya kabla ya kuisoma, wakiambiwa nakala watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Waganda hawakupiga kura ya uchaguzi mkuu tena mpaka Desemba 1980. Mche ulioanza kuchipua ukang'olewa na aliyeogopa kivuli chake. Hatuwezi kusema ardhi ndiyo iliyoukataa.

Najua mtasema: na serikali ya nusu mkate ya Kenya, ya 2008 hadi 2013, haikuwa na rais na waziri mkuu wakivutana? Ilikuwa hivyo. Lakini wale walikuwa fahali wawili kweli, kila mmoja na chanzo chake cha mamlaka: huyu ana kura za urais anazodai alishinda, yule ana mkataba uliotiwa saini ili nchi isiteketee. Katika serikali ya bunge chanzo ni kimoja. Methali ya mzee wetu ni ya kweli kuhusu zizi. Picha iliyobandikwa kwenye masanduku ya 1952 inaongeza lile ambalo methali haikulitaja, nira. Wakiwa zizini wanapigana. Wakifungwa nira wanalima.

Na kama mnataka ushahidi wa hapa hapa, rudini Januari 2008. Matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 na kiapo kikafuata Ikulu jioni ile ile. Kiti kimoja, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Siku ya kupiga kura, wapiga kura wale wale, kwa wino ule ule, walikuwa wamechagua Bunge. Mawaziri wengi walianguka, hata Makamu wa Rais alishindwa kule Funyula, na nchi haikuwaka kwa ajili yao. Tarehe 15 Januari, moshi bado ukipanda Kisumu na Eldoret, wabunge wa pande zote mbili waliingia ukumbini Nairobi kumchagua Spika. Walizozana, wakapiga kura duru ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kenneth Marende wa upinzani akapata 105, Francis Kaparo 101. Tofauti ya kura nne, katika mwezi ule! Aliyeshinda akakalia kiti, walioshindwa wakabaki ukumbini wakaapishwa. Hakuna aliyechinjwa kwa ajili ya zile kura nne.

Watu walikuwa wale wale, makabila yale yale, hasira ile ile. Kilichotofautiana ni ukubwa wa kinachogombewa na ukaribu wa nafasi nyingine ya kujaribu. Ukumbini aliyeshindwa leo anajua kesho iko hoja nyingine na kura nyingine. Kwenye urais aliyeshindwa anaambiwa angoje miaka mitano, na katika miaka hiyo mshindi hawezi kuguswa isipokuwa kwa theluthi mbili za Bunge la Taifa na theluthi mbili za Seneti, kipimo ambacho hakijawahi kumwondoa rais yeyote wa Kenya.

Kwa hiyo kesho jioni nitarudi barazani, na swali la nani kamchagua likiulizwa nitalijibu: wamemchagua watu wa majimbo 543. Kisha nitamwomba mzee wetu, kwa adabu, naye anijibu langu. Huyu wetu tuliyemchagua sote kwa mkupuo, akikosea mwezi wa pili baada ya kiapo, nani atamuuliza asubuhi yake, na ni kura ngapi zitatosha kumrudisha ngamani? Vajpayee ilitosha moja.